Breki ya Injini Mjini: Kwa Nini Pikipiki Hushtuka na Namna ya Kuituliza

Abiria yeyote wa bodaboda anaujua mshtuko huu. Pikipiki iko kwenye mwendo mzuri, foleni ya mbele inajifunga ghafla, dereva anaachia mafuta, na papo hapo chombo kinajizuia. Kofia ya abiria inagonga ya dereva, begi linasogea mbele, na nafasi ikipatikana tena mafuta yanavutwa kwa pupa na wote wawili wanatupwa nyuma. Kutoka Ubungo hadi Kariakoo jijini Dar es Salaam, au kutoka Kawangware hadi katikati ya Nairobi, hali hiyo hujirudia hadi watu wameizoea na kudhani kwamba pikipiki zimeumbwa hivyo.

Hazikuumbwa hivyo. Injini kupunguza mwendo wa chombo pale mafuta yanapoachiwa ni jambo la kawaida na lenye manufaa makubwa. Kinacholeta karaha na hatari ni ukali wake, na ukali huo una sababu zinazoeleweka. Baada ya kuzipima moja moja, hoja inayosimama ni hii: mshtuko huzaliwa zaidi na mkono wa kulia na mguu wa kushoto wa dereva, kisha hukuzwa na pikipiki isiyotunzwa, na umbile la injini lenyewe ni sababu ya tatu. Tiba nayo ifuate mpangilio huo. Dereva aanze, fundi afuate, vipuri vije mwisho.

Nguvu ya kuzuia inatoka wapi

Injini ya petroli huvuta hewa kupitia mlango mdogo unaofunguliwa na waya wa mafuta. Dereva akiachia mkono, mlango hufungwa, lakini tairi la nyuma bado linazunguka na kupitia cheni na gia linaendelea kuizungusha injini. Pistoni inashuka ikitafuta hewa na hewa haipo ya kutosha. Ni kama kuvuta bomba la sindano huku umeziba mdomo wake kwa kidole: mkono unahisi ukinzani. Ukinzani huo, pamoja na msuguano wa ringi, beringi na gia, ndio breki ya injini.

Jambo la pili ni gia. Kila gia ya chini huikuza nguvu ya kuzuia kabla haijafika kwenye tairi, kama inavyoikuza nguvu ya kusukuma wakati wa kuondoka. Tuseme pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa saa, na katika gia ya nne injini yake inazunguka mara 4,000 kwa dakika. Dereva akipangua hadi gia ya pili bila kupunguza mwendo kwanza, injini hulazimishwa kuruka hadi mizunguko 7,000 hivi. Ukinzani ndani ya injini huongezeka kwa sababu ya mizunguko hiyo, kisha gia huukuza tena. Kizuizi kinachofika kwenye tairi hukaribia maradufu au huzidi, na hutokea katika muda mfupi sana ambao klachi inaachiwa.

Jambo la tatu ni aina ya injini. Pikipiki nyingi za abiria Afrika Mashariki, ziwe Boxer, TVS HLX au za Kichina, zina silinda moja ya mipigo minne yenye ukubwa wa cc 100 hadi 150. Silinda moja hutoa pigo moja la nguvu katika kila mizunguko miwili. Hakuna silinda nyingine ya kujaza pengo, kwa hiyo nguvu haiji kwa mtiririko laini. Ndiyo maana pikipiki hizi hushtuka hata kwa sababu iliyo kinyume: ukibaki gia ya nne kwenye mwendo wa kutambaa, injini huanza kugongagonga na cheni kuchezacheza. Gia iliyo chini mno huzuia kwa ukali, na gia iliyo juu mno hutikisa. Ulaini uko katikati.

Pikipiki zenye mfumo wa EFI, unaonyunyiza mafuta kwa kuongozwa na kompyuta, zina tabia ya ziada. Mafuta yakiachiwa mizunguko ikiwa juu, kompyuta huifunga nozeli kabisa. Mizunguko ikishuka karibu na ile ya sailensi, yaani ya injini kuzunguka bila kuvutwa mafuta, nozeli hufunguliwa tena ili injini isizimike. Dereva huhisi mguso mara mbili: mmoja mafuta yanapokatwa, mwingine yanaporudi. Kwenye barabara kuu haoni tofauti. Kwenye foleni, ambako mkono unafungua na kufunga kila baada ya mita chache, mguso huo huchosha.

Kwa nini ukali huo ni hatari zaidi mjini

Wengi hulichukulia suala hili kama la starehe tu, na hapo ndipo wanapokosea. Breki ya injini huzuia tairi moja tu, la nyuma. Chombo chochote kikipunguza mwendo, uzito husogea mbele na tairi la nyuma huwa jepesi. Kwa hiyo kizuizi chote cha injini huangukia kwenye tairi ambalo wakati huo limeshika barabara kidogo zaidi. Kwenye lami kavu huenda lisilete shida. Kwenye mchanga uliosombwa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, kwenye mistari ya rangi ya kivuko iliyolowa, au kwenye lami iliyopata manyunyu ya kwanza na oili ya magari ikapanda juu, kupangua gia mbili kwa pamoja kunatosha kulifanya tairi liserereke. Mfumo wa ABS, hata kwa pikipiki iliyo nao, hauwezi kusaidia hapo. Wenyewe hulegeza breki. Hauwezi kumkamatia dereva klachi.

Hatari ya pili iko nyuma. Injini ikipunguza mwendo wa pikipiki, taa ya breki haiwaki. Kwa kilomita 40 kwa saa, daladala au bajaji inayokufuata inasafiri mita 11 kila sekunde. Pikipiki inayojizuia ghafla bila taa humwibia dereva wa nyuma ile sekunde moja au mbili anayoihitaji. Kugusa breki ya nyuma kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa tu, ni tendo dogo linalostahili kuwa mazoea ya kila dereva anayeachia mafuta kwenye msongamano.

Hatari ya tatu inamhusu abiria. Dereva ameshika usukani na anajua kinachokuja. Abiria hajui, na mara nyingi ana mtoto kifuani au mfuko mkononi. Wanawake wengi huketi upande, na mtu aliyeketi upande hana goti wala paja la kumzuia akisukumwa mbele. Bodaboda ndiyo inayowapeleka wajawazito kliniki na wagonjwa hospitali katika mitaa mingi isiyofikiwa na gari. Kwa abiria wa namna hiyo, kila mshtuko ni maumivu halisi. Dereva anayewajali abiria wake hataliita jambo hili dogo.

Kazi ya dereva

Tiba ya kwanza haigharimu hata shilingi. Mafuta yafungwe taratibu, yasiachiwe. Waya wa mafuta una springi inayourudisha wenyewe, na dereva akifungua vidole tu, mlango wa hewa hujipiga kufunga. Anayeuzungusha mkono kurudi polepole huipa injini nafasi ya kushusha mizunguko kidogo kidogo. Zaidi ya hapo, si lazima mafuta yafungwe hadi mwisho. Kuacha mlango wazi kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho injini haisukumi wala haizuii, huifanya cheni ibaki imekaza upande mmoja. Madereva wazoefu wa foleni wanaishi ndani ya upenyo huo mwembamba.

Mkono wenyewe unahitaji mahali pa kuegemea. Barabara ya matuta humtikisa dereva, mtikisiko huo huhamia kwenye mkono wa mafuta, na mkono hufungua na kufunga bila yeye kukusudia. Kiganja kikishika raba imara huku kidole kimoja kikiegemea kitako cha mkono wa breki, sehemu kubwa ya mtikiso huo huisha.

Tiba ya pili ni gia. Kanuni ni rahisi: punguza mwendo kwa breki kwanza, kisha pangua gia ili ilingane na mwendo uliobaki. Wengi hufanya kinyume, hutumia gia kama breki kwa sababu wanataka kulinda breki shuu. Hesabu hiyo si nzuri. Breki shuu ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa kwenye pikipiki, na kuzibadilisha ni kazi fupi. Sahani za klachi, cheni na spoketi, ambazo hubeba mzigo wa mishtuko, ni ghali zaidi kwa mbali na hula muda wa kazi.

Tiba ya tatu ni kulinganisha mizunguko kabla ya kuachia klachi. Dereva anapokamata klachi ili apangue, avute mafuta kidogo kwa mguso mmoja mfupi, abonyeze gia, kisha aachie klachi huku mizunguko ikiwa bado juu. Injini inakuta tairi likizunguka kwa kasi inayolingana nayo, na gia inaingia bila mshtuko. Mwanzoni mkono na mguu havielewani. Mahali pa kujifunzia ni barabara tupu asubuhi, bila abiria. Anayeona ugumu aanze na nusu ya somo: aachie klachi taratibu kila anapopangua. Klachi ya pikipiki nyingi za aina hii huogelea ndani ya oili na huvumilia msuguano mfupi.

Tiba ya nne ni ya foleni nzito, pale mwendo unaposhuka chini ya kilomita 15 kwa saa. Hapo mlango wa mafuta peke yake hauwezi kuleta ulaini, kwa sababu hata mguso mdogo ni mkubwa mno. Dereva ashike mizunguko juu kidogo tu ya ile ya kawaida, aongoze nguvu kwa nusu klachi, na aelemeze breki ya nyuma kwa uzito wa kidole cha mguu. Mbinu hii ndiyo wanayofundishwa askari wa pikipiki wa Marekani kwa mizunguko ya mahali pembamba. Huibana pikipiki kati ya nguvu mbili ndogo zinazopingana, na chombo hutulia. Isitumike kwa dakika nyingi mfululizo, maana klachi hupata joto.

Tiba ya tano hubeba zote: kuona mbali. Dereva anayetazama taa za breki za gari la tatu au la nne mbele yake huanza kufunga mafuta mapema. Anayetazama bampa iliyo mbele ya tairi lake hana budi kushtuka, na abiria wake pamoja naye.

Kazi ya fundi

Mkono mlaini ukiwekwa kwenye pikipiki mbovu bado hautaleta ulaini. Kwa bahati nzuri, ukaguzi unaohitajika ni mfupi.

Waya wa mafuta uanze. Kwenye mkono kunatakiwa mchezo wa milimita chache, kwa kawaida kati ya 2 na 6, kabla mlango haujaanza kufunguka. Mchezo ukizidi, dereva huvuka eneo tupu halafu anaangukia kwenye nguvu kwa ghafla. Waya uliokauka au uliopinda huganda, kisha huachia wote kwa mpigo. Matone machache ya oili au waya mpya humaliza tatizo.

Kisha cheni. Cheni ikilegea, dereva akiachia mafuta upande wa juu hulegea, na ule wa chini hukazwa kwa kishindo. Akivuta tena, kishindo hurudi. Pikipiki nyingi za abiria hutaka mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati ya cheni, na kitabu cha pikipiki husika ndicho kinachotoa kipimo kamili. Cheni iliyolegea kwa milimita 50 hugeuza kila mguso wa mkono kuwa nyundo. Iliyokazwa mno nayo ni mbaya, kwa sababu huvunja beringi na kukatika mashimoni. Ipimwe sehemu kadhaa huku tairi likizungushwa, maana cheni iliyochakaa huwa imelegea upande mmoja na kukaza upande mwingine.

Ndani ya habu ya tairi la nyuma mna vipande vya raba vinavyopokea mshtuko kati ya spoketi na tairi. Madereva wengi huvisahau kwa sababu havionekani. Raba zikiisha, spoketi hucheza mbele na nyuma hata tairi likiwa limeshikwa lisizunguke. Kuzibadilisha ni miongoni mwa matengenezo yanayoleta nafuu kubwa zaidi kwa gharama ndogo, na fundi anayekagua cheni bila kuzigusa raba amefanya nusu ya kazi.

Mchanganyiko wa hewa na mafuta ufuate. Kwenye kabureta, tundu dogo la sailensi likiziba kwa uchafu wa petroli, injini hukosa mafuta pale pale mkono unapofungwa na unapoanza kufunguliwa. Dalili yake ni milipuko midogo kwenye ekzosi dereva akiachia mafuta, na injini kusita akivuta. Mpira wa kabureta uliopasuka na gasketi ya ekzosi inayovuja huleta dalili zinazofanana, kwa hiyo fundi asikimbilie skrubu kabla ya kukagua uvujaji. Sailensi yenyewe iwe kwenye kipimo cha kiwanda, ambacho kwa pikipiki nyingi ndogo ni mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Ikiwa chini mno, pengo kati ya kufungwa na kufunguliwa kwa mafuta huwa kubwa.

Mwisho ni klachi na oili. Mkono wa klachi ukikosa mchezo, klachi huteleza. Ukizidi mchezo, haiachii yote na gia huingia kwa kishindo. Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2, kwa sababu oili nyingi za magari zina viambato vya kupunguza msuguano vinavyoweza kuifanya klachi iteleze.

Vipuri na teknolojia

Baada ya hayo yote, bado kuna nafasi ya kubadilisha vipuri. Cha bei nafuu ni spoketi ya mbele. Kutoka meno 14 hadi 15 hupunguza mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 7 katika kila gia, na breki ya injini hupungua nayo. Lakini kila faida hapa ina bei yake. Pikipiki itakuwa nzito kuondoka na abiria, na milimani itaomba gia ya chini mapema zaidi. Anayefanya kazi Dar es Salaam, jiji la tambarare kwa sehemu kubwa, anaweza kufaidika. Anayepanda na kushuka vilima vya Kigali au Mwanza atajuta.

Wenye pikipiki kubwa wana njia nyingine: klachi inayojilegeza yenyewe tairi likianza kuisukuma injini kwa nguvu. Ilizaliwa mashindanoni. Honda ilipoingiza NR500 ya mipigo minne kwenye Grand Prix mwaka 1979, dhidi ya injini za mipigo miwili ambazo huzuia kidogo sana, ilihitaji klachi ya namna hiyo ili tairi la nyuma lisiruke kwenye kona. Baadaye ilishuka hadi pikipiki za kawaida. Kawasaki Ninja 300 ya mwaka 2012 ni mfano. Ducati 1199 Panigale, iliyotoka mwaka huohuo, iliweka kompyuta inayompa dereva uwezo wa kuchagua kiwango cha breki ya injini. Teknolojia hizi hazijawa sehemu ya pikipiki za cc 125 za abiria, na mwenye pikipiki ya kazi hana sababu ya kuzisubiri.

Mabadiliko makubwa zaidi yanakuja kwa umeme. Mota haina hewa ya kuvuta wala pistoni ya kuburuza. Kiasi cha kuzuia mkono unapoachiwa huamuliwa na programu, na sehemu ya nguvu hiyo inaweza kurudishwa kwenye betri. Kampuni ya pikipiki za umeme ya Ampersand ilianza kazi Kigali mwaka 2019, nyingine ya Roam inaziunda Nairobi, na serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Watengenezaji hao wana nafasi ya kuondoa mshtuko tangu kiwandani, wakipanga kizuizi kianze taratibu na kuwasha taa ya breki kinapokuwa kikubwa. Wasiiache nafasi hiyo ipotee.

Tiba zinazozidisha ugonjwa

Kuna dawa inayotumiwa sana vijiweni: kuweka fri na kuiacha pikipiki itiririke. Mshtuko kweli huisha, lakini dereva hubaki bila msaada wa injini na bila uwezo wa kukwepa kwa haraka, kwa sababu lazima kwanza atafute gia. Kwenye mteremko mrefu breki pekee hubeba uzito wote, na breki za dramu zikipata joto jingi hupungua nguvu. Sababu inayotajwa ni kuokoa petroli. Kwa kabureta akiba hiyo ni ndogo. Kwa EFI, kutiririka na fri hutumia mafuta zaidi, kwa kuwa nozeli inayofungwa kabisa pikipiki ikiwa kwenye gia hulazimika kulisha injini isizimike ikiwa kwenye fri.

Dawa ya pili mbaya ni kupandisha sailensi kupita kipimo. Pikipiki huwa laini ikiachiwa mafuta, lakini husukuma mbele pale dereva anapotaka isimame, hupata joto kwenye foleni na gia ya kwanza huingia kwa kishindo. Dawa ya tatu ni kukamata klachi kila mara mafuta yanapoachiwa. Hiyo ni fri kwa jina jingine.

Wajibu si wa dereva peke yake

Dereva anayetakiwa kupeleka hesabu kila jioni ana sababu ya kukaa gia ya chini na kuchomoka kwenye kila upenyo, na ana sababu ya kuahirisha cheni hadi wiki ijayo. Mwenye pikipiki anayekataa kulipia raba za habu anachangia mshtuko ule kama mkono wa dereva unavyochangia. Mikataba ya bodaboda itaje wazi nani anagharamia cheni, waya, raba na breki shuu, na lini. Vyuo vya udereva navyo visiishie kwenye alama za barabarani na kuzunguka koni. Mtu anayeomba leseni ya daraja A aonyeshe kwamba anaweza kupangua gia akiwa na abiria bila kumtupa mbele.

Kwa dereva, ushauri ni mmoja na unaweza kuanza kesho. Kagua mchezo wa cheni na wa waya wa mafuta kabla ya kutoka, funga mafuta kwa mkono badala ya kuyaachia, tumia breki kwanza na gia baadaye, na kila unapopunguza mwendo iwashe taa yako ya nyuma. Fanya hivyo mwezi mzima kabla ya kununua kipuri chochote. Kwa pikipiki nyingi za mjini, hutahitaji kununua.